Umeme wa Malagarasi na mabwawa kwa ujumla: maswali ambayo watu wa Kigoma na Tabora wanauliza kila siku

Maswali haya yanarudi kila mara, kwenye treni ya Reli ya Kati, mwaloni, kwenye vijiwe vya kahawa, kwenye magrupu ya WhatsApp, na majibu yanayotolewa mara nyingi ni ya ushabiki tu, huyu serikali oyee, yule hawa wametuuza. Nimeyakusanya hapa. Msimamo wangu nausema mapema ili usihangaike kunitafuta: umeme nautaka, tena sana, ila sikubali mtu aniambie ili niupate lazima nifunge mdomo kuhusu mto.

Hilo bwawa la Malagarasi liko wapi hasa, na lina ukubwa gani?

Liko maporomoko ya Igamba, wilaya ya Uvinza, pale mto unaposhuka kwa kasi kwenye mawe kabla haujatulia kuelekea Ilagala na kuingia Ziwa Tanganyika. Uwezo wake ni megawati 49.5. Mwaka 2020 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilipitisha mkopo wa dola milioni 140, ambazo milioni 20 ndani yake zinatoka kwenye mfuko uliowekwa na China pale benki, na serikali yetu inaongezea kiasi. Umeme ukizalishwa unapanda laini ya kilovolti 132 mpaka kituo cha kupoza umeme cha Kidahwe.

Usije ukalifikiria kama Bwawa la Nyerere kule Rufiji. Lile ni megawati 2,115, mashine tisa za megawati 235 kila moja, yaani zaidi ya mara 40 ya hili letu, na ziwa lake limefunika eneo kubwa la pori. Igamba ni mradi wa kutumia maji yanayopita, wanaziba kiasi, wanayachepusha yapite kwenye mitambo, alafu yanarudi mtoni kule chini.

Sisi Kigoma si tumeshaingia gridi? La nini tena?

Ni kweli tumeingia. Miaka na miaka mkoa ulikuwa unakula umeme wa majenereta ya dizeli, kelele usiku kucha na bei ya kuuzalisha mara kadhaa ya bei ya kutuuzia, hasara inabebwa na shirika la umeme, TANESCO, maana yake inabebwa na wewe na mimi. Mwaka 2022 gridi ikafika kupitia upande wa Nyakanazi, Kakonko, Kibondo na Kasulu. Tatizo ni kwamba tuko mwisho wa waya. Mtambo ulioko huku huku unasaidia umeme usichoke njiani, na laini ikikatika huko mbele mkoa usizame giza wote. Kwa hiyo hoja ya mradi ipo na ni nzito, asikudanganye mtu kwamba ni mapambo.

Ila kuna hesabu ambayo wasemaji majukwaani huwa hawaigusi. Mradi unatarajiwa kutoa gigawati-saa 181 kwa mwaka (gigawati-saa ni kipimo cha wingi wa umeme unaozalishwa). Mitambo ya megawati 49.5 ingekuwa inazunguka kwa nguvu zote mwaka mzima ingetoa kama 433. Kwahiyo tunazungumzia asilimia 42 hivi, kwa sababu mto una masika na una kiangazi. Mtu akikuambia "megawati 49.5" jua ni za siku mto umejaa, sio za mwezi wa tisa.

Nasikia Wamarekani waliwahi kuukataa, ni kweli?

Ni kweli na hii stori watu wengi hawaijui vizuri. Mwaka 2008 Marekani kupitia shirika lake la MCC ilisaini na Tanzania msaada wa dola milioni 698, barabara, maji, umeme, na ndani yake kulikuwa na mtambo mdogo wa megawati 8 hapo hapo Igamba. Wakafanya uchunguzi wa mazingira kabla ya kujenga, wakakuta viumbe walioko hatarini ambao mradi ungewaumiza. Wakaachana na mtambo, Kigoma ikaletewa mradi wa sola badala yake.

Watu walikasirika sana na mimi nawaelewa, maana unakaa na koroboi alafu unaambiwa umeme umezuiwa na viumbe vya mtoni. Lakini angalia kilichofuata, sehemu ile ile ambayo megawati 8 zilishindikana sasa inawekewa karibu 50. Hapo swali la kuuliza liko wazi: wale viumbe wamepangiwa nini safari hii? Kiasi gani cha maji kitaachwa kipite kwenye maporomoko yenyewe kiangazi, mitambo ikiwa inataka yote? Hilo ni swali la namba na lina jibu la namba, na linatakiwa liwe kwenye tathmini ya athari kwa mazingira ambayo Sheria ya Mazingira ya 2004 inaitaka kwa mradi kama huu. Mwananchi ana haki ya kuiulizia hiyo tathmini kwa baraza la mazingira la taifa, NEMC, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika ofisi yake iko hapa hapa Kigoma, huhitaji nauli ya Dodoma.

Lakini jamani, konokono na samaki wadogo wana thamani gani mbele ya mtoto anayezaliwa gizani?

Swali hili naliheshimu. Mama anayejifungulia zahanati ya kijijini kwa tochi ya simu anastahili umeme jana, sio kesho. Ninachokataa ni ile kuwekewa mzani wa vitu viwili tu kana kwamba hakuna njia ya kati.

Chukua Kihansi, kule Morogoro na Iringa. Wamejenga mtambo wa megawati 180, ukaanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 1996 wataalamu walikuwa wamegundua kwenye korongo lile chura mdogo sana wa njano, anaishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu, kieneo cha hekta chache, duniani kote hayupo kwingine. Maji yakachepushwa kwenda kwenye mitambo, manyunyu yakaisha. Wakaja kuweka mabomba ya kunyunyizia, wakapeleka karibu vyura 500 Marekani kufugwa kwenye bustani za wanyama, na mwaka 2009 akatangazwa ametoweka porini. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa. Hela iliyotumika kumhangaikia baada ya uharibifu ingeweza kupangwa mwanzo kabisa, kwa kuacha maji ya kutosha yapite toka siku ya kwanza. Umeme ungepatikana pungufu kidogo, chura angekuwepo kwao.

Na Malagarasi sio mto wa kawaida. Ni mkongwe kuliko Ziwa Tanganyika lenyewe, una samaki ambao ziwani hawamo lakini upande wa mto Kongo wapo, maana zamani kabla bonde halijapasuka maji haya yalikuwa yanakwenda kule. Huwezi kwenda kununua mto mwingine kama huo dukani.

Umeme wa maji si ndio umeme safi?

Kuliko dizeli, ndio, bila ubishi. Lakini usafi wake unategemea bwawa lenyewe. Ukifurika msitu mkubwa bila kukata miti, ile miti na majani yanaozea chini ya maji pasipo hewa, inatoka gesi ya methani ambayo inapasha joto dunia kuliko kaboni. Balbina kule Brazili walizamisha zaidi ya kilomita za mraba 2,300 za msitu wa Amazon ili wapate megawati 250 tu, ule umeme hauna cha kujivunia. Igamba haina ziwa la namna hiyo na hapo naipa alama.

Jambo la pili ni udongo. Mto haubebi maji peke yake, unabeba tope na mchanga unaolisha mabonde ya chini. Misri baada ya Bwawa la Aswan mwaka 1970 wakulima wa delta walikosa lile tope la kila mwaka wakahamia mbolea ya kununua, na pwani yao ikaanza kuliwa na bahari. Huku kwetu wasiwasi huo huo upo kwa mikoko na kamba wa delta ya Rufiji, ambako watu wanalima mpunga kwa kufuata mafuriko toka enzi za mababu. Delta yetu ya Ilagala ni ndogo, lakini wavuvi na wakulima wa pale wanaijua vizuri tofauti ya mwaka mto umeleta tope na mwaka haujaleta, waulizwe na wao.

Mimi niko Tabora, hili linanihusu nini?

Linakuhusu kuliko unavyodhani. Mto Ugalla unaotoka Tabora unaingia Malagarasi. Maji yatakayozungusha mitambo Igamba kiangazi ni maji yaliyopita Sikonge, Urambo, Kaliua, yakakaa kwenye ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi wiki na miezi, yakashuka taratibu. Hii ardhioevu ni ya kwanza Tanzania kuandikishwa kwenye mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000, zaidi ya hekta milioni 3. Inafanya kazi kama godoro la sponji, masika inanyonya, kiangazi inaachia kidogo kidogo. Ndio benki halisi ya mradi huu, sio ile iliyotoa mkopo.

Sasa sponji hiyo inaliwa. Miombo inakatwa kwa mkaa, na kwa kukausha tumbaku, kila mkulima wa tumbaku anajua bani moja, yaani banda la kukaushia, linavyomeza kuni. Mashamba ya mpunga yanaingia kwenye mbuga, mifugo inaingia kwa maelfu. Sisemi haya ili kumnyooshea kidole mkulima wa Urambo ambaye tumbaku ndio ada ya shule ya wanae, kampuni zinazonunua hiyo tumbaku zinajua kuni zinatoka wapi na zina uwezo wa kugharamia mabani yanayokula kuni kidogo na kupanda miti inayosimama kweli, sio ya kupiga picha siku ya uzinduzi.

Hapa kuna siasa ambayo naiogopa kuliko zote, na tumeshaiona. Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi miaka ya 1990, mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu yakakosa maji, nchi ikaingia mgao. Lawama kubwa ikaangukia wafugaji wa ardhioevu ya Ihefu kule Usangu, mwaka 2006 na 2007 wakaondolewa kwa nguvu na ng'ombe zao, wengi wakasukumwa mpaka Rufiji na Lindi wakagombane na wakulima wa huko. Eneo likaingizwa Hifadhi ya Ruaha. Wakati huo mifereji ya mashamba makubwa ya mpunga Usangu ilikuwa inakunywa maji mengi tu, na wataalamu walilisema hilo. Na mto haukurudi kama zamani. Ugalla imeshakuwa hifadhi ya taifa toka 2019. Siku mitambo ya Igamba ikikosa maji, mnyonge wa kwanza kutajwa atakuwa mfugaji au mrina asali wa Tabora. Ndio maana nasema mipango ya matumizi ya maji na malisho ifanyike sasa hivi watu wametulia, wafugaji wakiwa wamekaa mezani, isisubiri mwaka wa ukame ambapo kila mtu ana hasira.

Mvua zikigoma je?

Umeme unagoma. 2006 ni mfano mkubwa, Mtera ilishuka vibaya, serikali ikakimbilia mitambo ya kukodi ya dharura, mkataba mmojawapo, wa kampuni ya Richmond, ukaja kumwangusha Waziri Mkuu Edward Lowassa Februari 2008. Watu wanakumbuka kashfa wanasahau chanzo, kwamba nchi iliegemea maji kupita kiasi na ilipobanwa ikasaini mambo kwa haraka. 2011 mgao tena, 2022 na 2023 mgao tena. Zambia 2024 ukame ulishusha Ziwa Kariba mpaka watu wa Lusaka wakawa wanapata umeme masaa machache kwa siku. Hizi sio bahati mbaya, mvua zenyewe zimebadilika, mwaka huu mafuriko mwaka ujao ukame.

Ziwa Tanganyika limepanda likameza nyumba za mwambao, si ni mambo ya bwawa hili?

Hapana. Bwawa halitengenezi maji. Ziwa lilipanda kwa mvua nyingi mfululizo kwenye bonde zima, Burundi na Kongo wameumia vile vile, na njia yake ya kutokea ni moja tu, mto Lukuga kule Kongo.

Nikiwa ndani ya eneo la mradi au chini ya laini, fidia yangu inakuwaje?

Soma hapa taratibu maana ndipo watu wanapopigwa, na mara nyingi wanapigwa kwa kutojua, sio kwa kudhulumiwa waziwazi.

Mthamini anakuja na mtendaji na viongozi wa kijiji. Anahesabu: chumba kwa chumba, mchikichi kwa mchikichi, migomba, miembe, choo, kisima, kaburi. Unapigwa picha umesimama mbele ya nyumba umeshika kibao chenye namba yako. Ile namba iandike, ipige picha na simu yako mwenyewe. Alafu unasaini fomu. Usisaini kabla hujasomewa kilichoandikwa, na kama ameandika michikichi 12 na wewe unayo 19 sema pale pale mbele ya mashahidi, kesho ni hadithi. Na mke awepo. Nimeona familia ambazo baba alisaini peke yake, hela ikaja, ikaenda naye, mama na watoto wakabaki hawana shamba wala fidia.

Kwa kanuni za fidia za 2001 unachostahili sio bei ya ardhi na mazao tu. Kuna posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi inayohesabiwa kama kodi ya pango ya miezi 36, na faida uliyopoteza kama ulikuwa na biashara. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita wanatakiwa kukulipa na riba. Watu wengi wanakaa miaka wameshakatazwa kulima wala kuezeka upya, hawadai riba kwa sababu hakuna aliyewaambia ipo.

Walio kwenye mkuza wa laini, ile njia iliyoachwa wazi chini ya nyaya, wanasahaulika zaidi. Ukishalipwa, chini ya ile laini huruhusiwi kujenga wala kupanda miti mirefu, na mchikichi ni mti mrefu. Kwa mtu wa Kigoma anayeishi kwa mawese hilo ni pigo, hakikisha limehesabiwa hivyo.

Kwanini vijiji vinavyopakana na mabwawa huwa vinabaki giza?

Kwa sababu mtambo hautoi umeme wa kuingiza kwenye balbu. Unapandishwa msongo, unasafiri mbali, unapozwa, ndio unasambazwa, na kile kijiji cha chini ya waya kinahitaji transfoma yake na nguzo zake, ambazo ni mradi mwingine wenye bajeti nyingine. Hiyo ndio sababu ya kiufundi. Ya kisiasa ni kwamba mwenye sauti anahudumiwa kwanza. Kariba, miaka ya 1950, Watonga kama 57,000 walihamishwa, umeme ukaenda migodini, wajukuu wao wengine mpaka leo wanawasha kuni. Akosombo ya Ghana, 1965, watu kama 80,000 walihama na sehemu kubwa ya umeme ilikuwa ya kiwanda cha aluminiamu. Inga ya Kongo ilivuta laini ndefu mpaka migodi ya Katanga ikiwa imeruka vijiji vyote vya chini yake.

Hapa kwetu bei ya kuunganishwa kijijini ni 27,000, hiyo ni nafuu kubwa na REA, wakala wa nishati vijijini, wapewe haki yao. Ila kuunganishwa bila nguzo kufika haisaidii. Vijiji vya kuanzia Igamba mpaka Kidahwe viandike majina ya vitongoji vyote visivyo na umeme, vipeleke kwa diwani na mbunge sasa wakati mkandarasi yupo, wakishaondoka ni ngumu.

Mbona wanasiasa wanayapenda sana mabwawa?

Linaonekana, lina ukuta, lina jina, unaweza kulizindua. Kurekebisha nyaya chakavu kunaokoa umeme mwingi lakini hakuna anayekata utepe wa waya. Na kuna heshima ya taifa, hilo silidharau hata kidogo: Ethiopia walipokosa wakopeshaji wa bwawa lao kubwa la mto Nile waliuza hati fungani kwa wananchi wao, walimu na madereva wakachangia, wakaanza 2011 na 2025 wakalizindua, megawati zaidi ya 5,000. Sisi Rufiji tulitaka toka enzi za Mwalimu, tukajenga kwa hela zetu, shilingi trilioni 6 na ushee. Najivunia.

Lakini zege nyingi ni hela nyingi sehemu moja, na hela nyingi sehemu moja zinaita watu. Lesotho mwaka 2002 mahakama yao ilitia hatiani kampuni kubwa ya Kanada, Acres, kwa kuhonga kwenye mradi wa mabwawa, nchi ndogo vile ikathubutu. Mwaka 2000 Tume ya Dunia ya Mabwawa ilikadiria watu kati ya milioni 40 na 80 wamehamishwa na mabwawa duniani, ikasema wazi kwamba mara nyingi wanaolipia sio wanaofaidi. Heshima ya taifa na mkulima aliyelipwa vizuri vinaweza kukaa pamoja kabisa.

Burundi wana neno kwenye maji haya?

Wanalo, mto unaanzia mpakani na kipande chake ndio mpaka wenyewe. Bahati nzuri sisi na Burundi na Rwanda tumeshazoea kukaa pamoja, Rusumo pale Ngara ni megawati 80 za nchi tatu, na walikubali kupunguza ukubwa wa ziwa ili watu wachache zaidi wahame.

Sola si ingetosha?

Kwa kitongoji cha mbali, kwa zahanati, kwa friji ya dagaa na migebuka pale mwaloni, inatosha na inakuja haraka. Kwa kusaga, kuchomelea, viwanda vya mawese na vya chumvi Uvinza unahitaji vyote, mchana sola, usiku maji. Tena sola inayasaidia maji, mchana wa kiangazi unaacha mto upumzike.

Huku chini ya mitambo maji yatakuwa yanapanda ghafla?

Yanaweza. Umeme unatakiwa zaidi jioni, kwahiyo mtambo unaweza kubana maji mchana na kuyaachia saa moja usiku, na mto ambao mtoto aliuvuka kwa miguu mchana ukawa umebadilika. Mbali na hapo kuna kufungua milango wakati wa mvua kubwa: Akosombo 2023 walipofungua, maelfu ya watu wa chini ya bwawa walikimbia makwao, na sisi mwaka 2024 watu wa Rufiji na Kibiti walifurikiwa na mabishano yakawa mvua ni ngapi na bwawa ni ngapi. Kwahiyo wakija kwenye mkutano wa kijiji, kuanzia Igamba mpaka Ilagala, waulizwe vitu vitatu na majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano: ving'ora vitafungwa wapi, nani anampigia simu mwenyekiti wa kitongoji kabla milango haijafunguliwa, na anapiga masaa mangapi kabla. Wanaofua, wanaovua, wanaonywesha na wanaovuka kwa mitumbwi wahakikishe wapo siku hiyo, wasiachiwe wenye viti vya mbele peke yao.